Oili na Filta za Malori ya Thika na Ruiru: Kilomita Zinadanganya

Kwenye rafu ya duka la spea Makongeni mjini Thika, au katika vibanda vya Kihunguro upande wa Ruiru, mwenye lori hukuta mtungi ulioandikwa 15W-40 CI-4 umepangwa karibu na 20W-50 CF-4. Kando yake kuna 10W-40 CK-4 ya sinthetiki inayouzwa mara mbili ya bei ya hizo au zaidi, na chini limesimama pipa la lita 209 lenye pampu ya mkono kwa anayetaka kupimiwa. Fundi humwambia achukue nzito. Muuzaji humsukumia ya bei ghali. Dereva hutaka ile ile aliyoizoea. Wote wana hoja, na katika kila hoja kuna ukweli kidogo, ndiyo maana ubishi huu hauishi.

Ubishi wenyewe huanza na swali lisilofaa: oili ipi ni bora kwa injini yenye nguvu nyingi? Kwa malori ya eneo hili, kazi ya lori huamua mengi kuliko nguvu zake za farasi, na filta huamua mengi kuliko jina lililo kwenye mtungi.

Mkanganyiko ulikotoka

Mazoea ya mafundi wengi wa hapa yalijengwa juu ya injini za zamani. Thika ndiyo yenye kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers, kilichoanza miaka ya 1970 kwa jina la Leyland Kenya, na malori ya enzi hiyo yalikuwa na pampu za diseli za mitambo na nafasi pana kati ya vyuma. Hata Canter zenye injini ya 4D32, ambazo zilibeba mawe na mchanga kwa miaka mingi, hazikuwa na tabochaja. Injini za namna hiyo zilisamehe oili mbaya.

Barabara ya Thika ilipokamilika mwaka 2012 ikiwa njia ya kasi, ujenzi ulilipuka kuanzia Ruiru, Kamakis na Juja hadi Thika yenyewe. Mawe ya matimbo ya Ndarugo yakatafutwa kuliko kabla, na malori yakabadilika. Sasa Isuzu FVZ inakuja na injini ya 6HK1 ya lita 7.8, yenye tabochaja na mfumo wa komoni reli unaosukuma diseli kwa shinikizo la zaidi ya baa 1,000. Howo ya 371 ina injini ya lita 9.7, na nyingi bado zina pampu ya mitambo licha ya nguvu hizo zote. Actros za Mercedes-Benz na Scania zilizotumika Ulaya nazo zipo. Kwa hiyo katika gereji moja unaweza kukuta lori la nguvu za farasi 371 linaloridhika na oili ya kawaida, na Canter ndogo iliyotoka Japani ambayo oili isiyofaa itaziba mfumo wake wa moshi.

Diseli nayo ilibadilika. Mtambo wa kusafisha mafuta wa Changamwe ulisimama mwaka 2013, na Januari 2015 Kenya pamoja na majirani zake ikahamia diseli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, kutoka 500. Salfa ikiungua hutengeneza asidi, na sehemu kubwa ya kazi ya viungo vya oili ya diseli ni kuizima asidi hiyo. Salfa ikipungua, hitaji la oili yenye nguvu kubwa dhidi ya asidi hupungua pia. Lakini ushauri unaotolewa vibandani haukuhama pamoja na diseli.

Herufi na namba za mtungi

Kuna mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Namba kama 15W-40 zinataja uzito wa oili tu. Sehemu ya kwanza hupimwa kwenye baridi kali: oili ya 15W hujaribiwa ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, ya 10W nyuzi 25 chini, na ya 5W nyuzi 30 chini. Thika haijawahi kuona baridi ya namna hiyo. Asubuhi ya Julai huwa baridi kwa mtu, lakini kwa 15W hiyo ni hali ya kawaida kabisa. Anayelipa zaidi kwa 5W kwa sababu ya baridi ya Gatundu analipia kitu ambacho hatakitumia. Namba ya pili inasema oili itakuwa nzito kiasi gani ikishapata moto, na hiyo ndiyo inayomhusu mwenye lori.

Herufi ndizo zinazoonyesha ubora. Taasisi ya API ya Marekani ilitoa CF-4 mwaka 1990, CI-4 mwaka 2002, CJ-4 mwaka 2006 na CK-4 mwishoni mwa 2016. Wajapani wana JASO DH-1, na DH-2 kwa malori yenye filta ya masizi kwenye ekzosi. Wazungu wana madaraja yao ya ACEA, na watengenezaji wakubwa huongeza ya kwao juu yake. Mercedes-Benz kwa mfano ina 228.3 kwa oili ya kawaida na 228.5 kwa ile ya kudumu muda mrefu. Mtungi unaotaja uzito bila kutaja daraja haujasema lolote la maana, hata kama una picha ya lori jekundu linalopanda mlima.

Daraja moja linahitaji tahadhari. FA-4, iliyotoka pamoja na CK-4, ni nyepesi makusudi ili kuokoa diseli katika injini mpya za Marekani. Haifai kurudishwa kwenye injini za zamani, na mtu akiiona asiichanganye na dada yake.

Kambi ya oili nzito

Wanaotetea 20W-50, au hata oili ya uzito mmoja ya SAE 40, wana ushahidi wanaoushika mkononi. Injini iliyochoka ikitiwa oili nzito, geji ya shinikizo hupanda, moshi wa bluu hupungua, na oili haishuki haraka kwenye dipstiki. Kwa lori lililobakiza miezi michache kabla ya kufunguliwa injini, huo ni uamuzi wa kiuchumi usio na aibu.

Tatizo ni kuufanya kuwa kanuni. Shinikizo kubwa kwenye geji halimaanishi oili nyingi inafika kwenye beringi. Mara nyingine linaonyesha tu kwamba oili inapita kwa shida. Tabochaja huzunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika ikielea juu ya utando mwembamba wa oili, na sekunde za mwanzo baada ya kuwasha ndizo zinazoila. Tena filta ya oili ina vali ndogo ya dharura ndani yake: karatasi ikiziba, au oili ikiwa nzito mno kupita, vali hufunguka na oili huenda kwenye injini bila kuchujwa, ili injini isikose oili kabisa. Oili nzito, asubuhi ya baridi, filta iliyopitisha muda wake: hapo mwenye lori anazungusha uchafu kwenye injini huku geji ikimpa moyo.

Kambi ya sinthetiki

Hoja yao kubwa ni joto. Oili ya sinthetiki haichakai haraka ikipikwa, haigandi kuwa utope kwenye tabochaja, na hustahimili masafa marefu. Lori linalotoka Thika kwenda Garissa au Malaba likiwa na mzigo kamili, saa nyingi mfululizo kwa mwendo mmoja, hunufaika kweli. Hata Actros zilizotengenezwa kubadilishwa oili baada ya masafa marefu huko Ulaya ziliahidiwa hivyo kwa sharti la oili ya daraja la 228.5.

Udhaifu wao uko timboni. Vumbi la mawe likiingia kwenye oili ya bei ghali hukwaruza silinda sawasawa na likiingia kwenye ya bei nafuu. Diseli inayovuja kutoka kwenye nozeli mbovu huzimua oili zote bila ubaguzi. Masizi yanayotokana na injini kunguruma bila kutembea kwenye foleni ya kupakia hujaa katika oili zote. Uwezo wa sinthetiki ni kudumu, na kwenye tipa la Ndarugo oili hutolewa kwa sababu imechafuka, kabla uwezo huo haujatumika. Ni kama kununua tangi la lita 10,000 kwa nyumba inayoletewa maji safi kila asubuhi.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa CK-4 hawalitaji. API yenyewe inatahadharisha kwamba CJ-4 na CK-4, zikitumika na diseli yenye salfa inayozidi sehemu 15 kwa milioni, muda wa kubadilisha oili huenda ukafupika. Kiwango chetu cha mwaka 2015 kiliruhusu 50. CK-4 haitaharibu injini, lakini anayeinunua kwa matumaini ya kurefusha muda wa sevisi huenda anapoteza kwa mkono huu alichokipata kwa ule.

Kambi ya kitabu cha gari

Hii ndiyo yenye wafuasi wachache na hoja nzito. Kitabu cha lori huandikwa na aliyeichora injini. Kwa malori mengi ya Kijapani na ya Kichina yanayofanya kazi hapa kitabu hutaja 15W-40 na daraja kama CI-4 au DH-1, na oili hiyo inapatikana kila mahali, ikiwa Shell Rimula, Total Rubia au nyingine.

Lakini kitabu nacho kina mipaka. Canter iliyotumika Japani huja na kitabu cha Kijapani, kilichoandikwa kwa barabara za lami na diseli ya Japani. Zaidi ya hayo, karibu vitabu vyote vina ukurasa wa pili wa sevisi, wa mazingira magumu: vumbi, mizigo mizito, safari fupi, injini kunguruma bila kutembea. Wengi husoma ukurasa wa kwanza wenye kilomita nyingi, wakaacha huo wa pili, ambao ungeweza kuandikwa na mtu aliyesimama kwenye lango la timbo la Juja.

Kadiri miaka inavyokwenda, kitabu kinazidi kuwa muhimu kwa malori madogo. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mitumba lililozidi miaka 8, kwa hiyo kila mwaka zinazoingia ni mpya zaidi kiufundi na nyingi zina filta ya masizi kwenye ekzosi. Hizo zinataka oili ya majivu machache, DH-2 au inayolingana nayo. Ukiitia CI-4 ya kawaida, majivu yake hubaki kwenye filta hiyo na hayaungui hata joto lipande vipi. Hapa makosa ya daraja yana gharama ya moja kwa moja.

Saa, si kilomita

Kanuni inayosikika gereji nyingi ni kubadilisha oili kila kilomita 5,000 kwa tipa na kila 10,000 kwa lori la safari ndefu. Inaonekana kama uangalifu. Tupige hesabu.

Tuchukue tipa linalofanya kazi saa 10 kwa siku na kutembea kilomita 120: kupakia, kusubiri, kupima uzito kwenye mizani ya Juja, foleni, kushusha, kurudi. Wastani ni kilomita 12 kwa saa. Kilomita 5,000 zitalichukua takriban saa 417 za injini kufanya kazi. Lori la Garissa linalokwenda wastani wa kilomita 50 kwa saa humaliza kilomita 10,000 kwa saa 200. Yaani tipa linalodhaniwa kutunzwa zaidi limekaa na oili yake mara mbili ya muda, tena katika vumbi, na sehemu ya muda huo injini ikinguruma polepole, hali inayozalisha masizi mengi na joto dogo la kukausha unyevu. Kuinua bodi kumwaga mzigo nako ni kazi ya injini ambayo odomita haiihesabu.

Thika na Ruiru ziko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kiasi cha asilimia 15. Injini isiyo na tabochaja huunguza diseli kwa hewa pungufu na kutoa masizi zaidi. Tabochaja hufidia sehemu ya pengo hilo kwa kuzunguka kwa kasi zaidi, na gharama yake ni joto.

Filta: hapa ndipo injini huokolewa

Kama kuna mahali ambapo fedha kidogo huleta faida kubwa, ni filta ya hewa. Injini ya lita 7.8 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika huvuta takriban lita 7,000 za hewa kila dakika, kabla tabochaja haijaongeza chochote. Hewa hiyo yote hutoka kwenye njia ya timbo, nyuma ya lori jingine, au kwenye barabara za vumbi jekundu katikati ya mashamba ya mananasi ya Del Monte.

Ukitazama kinachofanyika gereji, utaona tanboi akiigonga filta ya hewa kwenye tairi mpaka vumbi litoke, kisha kuipuliza kwa kompresa kwa nguvu zote. Karatasi ya filta hupasuka kwenye mikunjo yake, mpasuko mdogo usioonekana mpaka uingize taa ndani gizani. Mpira wa ukingoni hupinda. Filta inarudishwa ikiwa safi machoni na ikiwa na tundu. Kuna jambo ambalo watu huona ajabu wakiambiwa: filta ya hewa huchuja vizuri zaidi baada ya kushika vumbi kidogo kuliko ikiwa mpya kabisa, kwa sababu utando wa vumbi wenyewe husaidia kushika chembe ndogo. Kuifungua kila siku ili kuikagua huharibu zaidi ya kusaidia. Geji ndogo ya mvuto iliyowekwa kwenye bomba la hewa huonyesha inapoziba, na lori likiwa nayo, isomwe. Filta ya ndani, ile ya usalama, haipulizwi kamwe, hubadilishwa.

Ya pili kwa umuhimu ni filta ya diseli na kitenga maji. Nafasi ndani ya nozeli za komoni reli ni mikroni chache tu, wakati unywele wa binadamu ni kama mikroni 70. Mchanganyiko wa diseli na mafuta taa ulikuwa biashara kubwa nchini hadi serikali ilipotoza shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa mwaka 2018 ili kuondoa faida ya udanganyifu huo. Ulipungua, lakini diseli ya jerikani inayouzwa kando ya barabara bado inakuja na maji na mchanga, na mafuta taa yakiwemo hunyima pampu ulainisho inaoutegemea. Kosa moja la fundi mzuri linastahili kutajwa: kujaza filta mpya ya diseli kutoka kwenye jerikani kabla ya kuifunga, ili lori liwake haraka. Diseli hiyo ikimwagwa upande usiofaa wa karatasi huenda moja kwa moja kwenye nozeli bila kuchujwa. Pampu ya mkono iliyo juu ya filta imewekwa kwa ajili hiyo.

Filta ya oili inakuja ya tatu, ingawa ndiyo inayozungumzwa zaidi. Ubishi ni kati ya filta ya jina la lori na ya kampuni nyingine. Watengenezaji wa malori wengi hawatengenezi filta. Hununua kutoka kwa kampuni kama MANN+HUMMEL au Donaldson na kuzipiga chapa. Kwa hiyo filta ya kampuni inayojulikana, ikiwemo Sakura ambayo licha ya jina la Kijapani hutoka Indonesia, si dhambi. Hatari iko kwenye ile isiyo na mwenyewe, yenye karatasi chache ndani na vali dhaifu. Msumeno wa chuma hufichua yote: ikatwe filta iliyotumika, ihesabiwe mikunjo, itazamwe kama gundi imeshika na kama chembe za chuma zimenaswa. Scania hutatua tatizo la masizi kwa rota inayozunguka na kurusha uchafu pembeni pamoja na filta ya karatasi, na rota hiyo ikisahauliwa bila kusafishwa, nusu ya kazi imelala.

Oili ya bandia

Kadiri mtungi unavyokuwa wa bei ghali ndivyo unavyomvutia mwigaji, na hiyo ni hoja nyingine dhidi ya kununua daraja la juu lisilohitajika. Mitungi mitupu ya chapa kubwa ina soko lake. Itobolewe au ikatwe baada ya sevisi. Alama ya KEBS kwenye mtungi inaweza kuthibitishwa kwa kutuma namba yake ya kibali kwenda 20023. Oili ya pipa la kupimiwa haina uthibitisho wowote zaidi ya uaminifu wa mwenye pampu, ambao mara nyingine upo kabisa. Oili chafu iliyotolewa, ambayo kisheria ni taka hatari, haifai kumwagwa kwenye mitaro inayoshuka mto Chania au mto Ruiru, wala kupewa mtu asiyejulikana atakayeisafisha kwa kitambaa na kuirudisha dukani.

Mizani

Kwa tipa la timboni, lenye nguvu 280 au 371, uzito wa hoja uko upande wa 15W-40 ya CI-4 kutoka duka linaloaminika, ikibadilishwa kila baada ya saa 200 hadi 250, na fedha zilizobaki zitumike kwenye filta ya hewa na ya diseli za daraja la juu. Kwa trela la safari ndefu, sinthetiki iliyoidhinishwa na mtengenezaji wa injini inajilipa, mradi muda wake urefushwe kwa ushahidi. Maabara za Nairobi hupima sampuli, na silikoni ikipanda kwenye majibu ujue vumbi linaingia mahali. Kwa Canter yenye filta ya masizi hakuna mjadala: DH-2 au CK-4, hata kama muda wa sevisi utakuwa mfupi. Kwa injini iliyochoka, 20W-50 ni dawa ya maumivu, na mwenye lori ajue hivyo anapoinunua.

Gumu zaidi ni nani atahesabu saa. Matipa mengi hayana geji ya saa, na dereva anayelipwa kwa tripu hana sababu ya kusimamisha lori Jumatano asubuhi. Lakini malori mengi sasa yamefungwa traka kwa ajili ya wizi na mikopo ya benki, na traka hiyo hiyo hurekodi muda ambao injini imewashwa. Mwenye lori hufungua programu kwenye simu kuona lilipo. Saa ziko kwenye ripoti ya ukurasa unaofuata, na anaweza kuomba zitumwe kwake kila Jumatatu.